Usikubali Wafomati Flashi Yako

Leo nasema kitu ambacho mafundi wengine wa kompyuta hawatapenda: mara nyingi ule mnyoo unaodhani umekula kazi yako haujakula chochote.

Unajua vile huenda. Umetoka saiba kuprinti, unachomeka flashi kwa laptopu, na kila folda imegeuka njia ya mkato yenye kamshale. Projekti ya mwaka mzima haionekani. Unakimbilia fundi, anaangalia sekunde tano, anakwambia, "Hii imekwisha, tufomati." Sasa hapo ndipo unaibiwa kazi yako, na mwizi si mnyoo.

Ebu tuelewane. Kirusi cha kawaida hujibandika kwa faili nyingine, kama kupe kwa ng'ombe, na hungoja ufungue hiyo faili. Mnyoo ni programu kamili inayojinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Ule wa flashi huficha faili zako halisi, kisha huweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibonyeza, folda inafunguka kama kawaida, lakini nyuma ya pazia mnyoo unaingia kwa kompyuta na kungoja flashi ijayo. Ndio maana mashine moja chafu ya saiba inaweza kuambukiza mtaa mzima.

Kwa hivyo fuata mpango. Usibonyeze hizo njia za mkato. Toa flashi, zima intaneti. Safisha kompyuta kwanza, ju ukianza na flashi itachafuliwa tena. Kwa Windows, tumia Microsoft Defender, uchague ukaguzi wa Offline. Mashine itajizima na kuwaka, ikaguliwe kabla mnyoo haujaamka. Ikishakuwa safi, rudisha flashi na uikague pia. Halafu fungua Command Prompt na uandike hivi, ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Faili zilizofichwa zitajitokeza, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili kazi zako tu. Faili ngeni zinazoishia na.vbs, .exe au .lnk ziache hapo. Sasa ndio ufomati. Fomati ni hatua ya mwisho, si ya kwanza. Malizia kwa kubadilisha nywila zako ukitumia simu au mashine iliyo safi.

Kuna minyoo mibaya zaidi, na hapo ndipo ugomvi wangu mkubwa uko. WannaCry ya Mei 2017 haikuficha faili, ilizifunga kwa msimbo na kudai pesa. Haikuhitaji ubonyeze kitu. Ilipita kwa mtandao kupitia tundu la Windows. Ilishika zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi kama 150, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Na Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha hilo tundu mwezi Machi, miezi miwili kabla! Conficker ya 2008 ilikuwa hadithi ileile: kiraka kilitoka Oktoba, mnyoo ukaja Novemba, bado mamilioni ya mashine zikaangukia.

Utaniambia bando ni ghali na masasisho hula data. Ni kweli, sikatai. Lakini yule jamaa anayekuwekea Windows ya wizi na kuzima masasisho "isikusumbue" hajakusaidia. Amekuachia mlango wazi na kufuli mkononi. Afadhali utafute Wi-Fi ya chuo au ya maktaba mara moja kwa mwezi, usasishe, kuliko kulilia projekti wiki ya kuwasilisha.

Na nyinyi wenye saiba, tunawaheshimu, mnatusaidia sana na mambo ya KRA na eCitizen. Lakini kama unachukua pesa ya mteja, mashine yako iwe safi. Mwenye hoteli hawezi kuuza chai kwa kikombe kichafu halafu amlaumu mteja kwa kuumwa na tumbo.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha haya mambo, na attrib haiulizi cheti. Tumia huyo rafiki yako aliye na projekti kwa flashi moja pekee. Mwambie aweke nakala nyingine leo, si kesho.