Zamu ya Luigi

Msomaji wangu, usicheke. Mjomba wangu ana miaka 50 na ushee, kichwa chote mvi, lakini hadi leo anacheza Super Mario Bros., gemu ya mwaka 1985! Mimi mtoto wa PlayStation nilikuwa namzodoa: "Anko, limepitwa hilo!"

Juzi nikagundua kitu. Yuko peke yake, ila anachagua wachezaji wawili. Mario akifa, zamu inakwenda kwa Luigi. Sasa huyo Luigi nani?

"Mjomba'ko marehemu," akajibu taratibu. "Tulipokezana toka utotoni."

Jamani, nilinywea. Nikaomba pedi ya Luigi. Nikafa shimo la kwanza tu! Anko akacheka mpaka akafuta machozi.

Nawe mwenye mkubwa wa hivyo, usimzodoe. Omba zamu.