Taa Zisizo na Waya wa Ardhi: Ni Jukumu la Nani?



Juma hili nimeletewa suala na mama mmoja aliyepanga nyumba ya zamani kando ya barabara ya Malindi. Amenunua taa ya shaba ya kutundika sebuleni na feni ya dari ya chumba cha watoto. Fundi alipofungua darini alikuta nyaya mbili tu, wa moto na wa nyutro. Wa tatu, yaani waya wa ardhi ambao mafundi wetu huuita athi, haupo. Mwenye nyumba akamjibu kwamba taa hazihitaji athi, na kwamba zimewaka miaka mingi bila ya neno. Mama anauliza: je, yafaa azuie kodi mpaka waya huo uvutwe?

Nianze na kauli ya mwenye nyumba, kwa kuwa ina nusu ya ukweli. Zamani nyumba nyingi zilitiwa umeme hivyo. Uingereza, ambako mafundi wa Kenya walirithi kanuni zao, haikulazimisha waya wa ardhi katika njia za taa mpaka 1966, na mazoea hudumu muda mrefu baada ya kanuni kubadilika. Siku hizo taa ilikuwa globu katika holda ya bakelaiti, na swichi nayo ya bakelaiti. Hapakuwa na chuma cha mtu kugusa. Basi aliyeijenga nyumba hakuwa amemdhulumu yeyote. Kilichobadilika ni vile vitu tunavyovitundika.

Umeme wetu ni wa volti 240. Waya wa moto ukichubuka ndani ya taa ya shaba na kugusa mwili wake, palipo na athi umeme hukimbilia ardhini kwa wingi, fyuzi ikakatika, taa ikazimika. Pasipo na athi hutaona dalili yoyote. Taa yaendelea kuwaka kama kawaida, na atakayeigusa akiwa peku juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki, umeme utapitia mwilini mwake kwenda ardhini. Fyuzi haitamwokoa. Fyuzi ya taa aghalabu ni ya ampia 5, nazo ni miliampia 5,000, ilhali miliampia 30 zikipita kifuani kwa muda zaweza kumwua mtu. Balbu moja ya wati 60 hula miliampia 250! Fyuzi imewekwa ili waya usiungue, si kwa ajili ya mtu.

Feni yanitia hofu kuliko taa. Hutikisika usiku kucha, na mtikisiko hulegeza viungo na kusugua nyaya, huku hewa ya chumvi ya pwani yetu ikitia kutu kila skrubu. Mwaka 2024 wenzetu wa Uyombo waliandamana kuhusu mtambo wa nyuklia, na walikuwa na haki ya kuuliza. Laiti tungeuliza kwa bidii iyo hiyo kuhusu umeme ulio juu ya vitanda vya watoto wetu.

Ziko hila za mafundi ambazo lazima nizitaje. Mmoja huunganisha mahali pa athi na waya wa nyutro, akasema mambo ni yale yale. Siyo: siku nyutro itakapokatika, mwili mzima wa taa utakuwa na umeme. Mwingine hufunga waya katika bomba la maji, na mabomba yetu leo ni ya plastiki. Wa tatu hupigilia fimbo ya shaba nje ya ukuta, akaona amemaliza kazi. Ardhi yetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, na wakati wa kiangazi hupitisha umeme kwa shida. Fimbo peke yake huenda isiikate fyuzi. Pamoja na fimbo yatakiwa swichi ya kukata umeme unaovuja, ambayo mafundi huiita RCD, ya miliampia 30.

Kwa hivyo, mpaka waya uvutwe, mama asitundike taa ile wala feni ile. Atumie holda na swichi za plastiki tupu, au taa yenye alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, maana yake imetengenezwa isihitaji athi. Watoto watapata upepo kwa feni ya plastiki ya kusimama. RCD ikitiwa hata leo ni kheri, lakini haichukui nafasi ya athi. Na anayebadilisha holda azime meni swichi. Swichi ya ukutani haitoshi, kwa sababu darini waya wa moto hubaki na umeme.

Ama kodi, katika madhehebu yetu ya Shafi mpangaji ananunua manfaa ya nyumba, na matengenezo yanayohitajika ili manfaa hayo yapatikane ni juu ya mwenye nyumba. Akikataa, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Lakini akiendelea kukaa na kuitumia nyumba, kodi ya muda huo ni deni lake, hana ruhusa ya kuizuia. Kuvuta waya bila ya idhini nako huhesabiwa amejitolea, hatadai kitu. Njia nyepesi ni kukubaliana kwa maandishi: alipe fundi yeye, na kiasi kinachojulikana kikatwe katika kodi. Nanyi wenye nyumba, mnapoijua ila hii mkamnyamazia anayekuja kupanga, hamkosi dhima. Kenya Power huishia kwenye mita. Ya ndani ni yenu.

Fundi awe na leseni ya EPRA. Kuta hazihitaji kuvunjwa, waya mpya waweza kupita juu yake ndani ya mifereji ya plastiki. Akimaliza asiondoke kabla hajapima kwa mita kwamba athi imefika katika kila holda na kila swichi, na mpangaji aonyeshwe kitufe cha kujaribia RCD, akibonyeze mwenyewe mbele yake.