Afungiwe Kuku Mwenyeji

Na Mwanajuma Salim

Wapwani husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Katika nyua za Bofu, Likoni, msemo huo bado ni kazi inayofanywa kwa mikono. Kuku akishushwa kwenye matatu iliyotoka Kwale, au akivushwa kwa feri kutoka soko la Kongowea, hufungwa mguu kwa kitambaa, na ncha ya pili ikafungwa kwenye shina la mwarobaini au nondo ya dirisha. Nia ni njema. Kuku haelewi kwao kwingine ila alikotoka. Akiachiwa siku ya kwanza ataishia vichochoroni, na kumpata tena ni kudra.

Shida huja pale ambapo uani tayari yupo mtetea aliyezoea kutawala peke yake. Mgeni mchanga aliyefungwa hudonolewa hapo hapo alipofungwa. Kukimbia ndiyo silaha pekee ya kuku mdogo mbele ya mkubwa, na kamba imemnyang'anya silaha hiyo. Akijaribu kuruka, uzi humkaza mguu mpaka ukavimba. Safu hii inapendekeza kinyume chake: siku za mwanzo, afungiwe mwenyeji.

Si roho mbaya inayomfanya mtetea amvamie mgeni. Mwanasayansi wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwatazama kuku tangu utotoni, alichapisha mwaka 1922 maelezo ya namna kundi la kuku linavyojipanga. Kila kuku humjua kwa sura anayeweza kumdonoa na anayepaswa kumpisha, na wa juu hula kwanza. Cheo hicho kikishakubalika, ugomvi hupungua sana. Tishio la kichwa tu hutosha. Akiingia mgeni, mpango mzima huvurugika na lazima upangwe upya kwa midomo. Na kuku hujihisi mwenye nguvu zaidi pale anapopajua. Mtetea aliye kwenye ua wake, penye kiota chake na pakacha lake la kulalia, anapigania vitu vingi kuliko tembe aliyetolewa kapuni saa moja iliyopita.

Hapo ndipo pa kushika. Kabla tembe hawajafika, mtetea awekwe chini ya tenga, au ahamishiwe uani kwa jirani. Tembe waachiwe ua mzima, mlango wa uani ukiwa umefungwa, waujue kila pembe: maji yako wapi, kivuli kiko wapi, upenyo wa kujificha uko wapi. Baada ya siku kadhaa mtetea arudishwe, ila akae nyuma ya wavu wa waya ndani ya ua ule ule, waonane na kusikiana bila kufikiana. Wiki moja ni kiasi cha chini. Mbili ni bora. Ukiona wanakula kando kando ya wavu pasipo yeyote kuupigia mbawa, wavu unaweza kuondolewa jioni, wakati wa kulala. Kuku haoni vizuri gizani, kwa hiyo usiku hupita kwa amani. Watu wengi hutegemea hila hiyo ya usiku peke yake, wakimpachika mgeni kwenye kitulio gizani na kutumaini mema. Alfajiri huwaumbua, kwa sababu mtetea huamka akamwona mtu asiyemjua kitandani mwake.

Lakini kuna swali la kutangulizwa kabla ya wavu na tenga: huyo mtetea alibakije peke yake? Ikiwa wenzake waliuzwa au walichinjwa sikukuu, hakuna neno. Ikiwa walikufa mmoja baada ya mwingine kwa siku chache, shingo zimepinda na kinyesi cha kijani, basi hicho kilikuwa kideri, ugonjwa uliorekodiwa Kenya mwaka 1935 na ambao unaweza kumaliza karibu kundi zima lisilochanjwa. Anayenusurika huendelea kwa muda kutoa virusi vyake. Magonjwa mengine, kama homa ya matumbo ya kuku na mafua sugu, hukaa kwa aliyepona kwa muda mrefu zaidi, naye akaonekana mzima kabisa. Kuwaleta tembe wapya juu ya kinyesi cha wagonjwa ni kuwatoa kafara. Wachanjwe kwanza. Chanjo ya tone la jichoni ni rahisi, na ile ya I-2, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ilikusudiwa hasa vijiji vya joto ambako jokofu ni haba. Kinga huhitaji kama wiki mbili kujijenga, muda ule ule ambao tembe wangetengwa ili kuona kama nao wamebeba maradhi ya sokoni. Chanjo hiyo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

Umri nao una sheria zake, na hapa wafugaji wengi huchanganya mambo mawili. Kuku anayelalia mayai anaweza kupewa vifaranga wa siku moja au mbili, wakaingizwa chini ya mbawa zake usiku, naye asubuhi akawatetea kama alivyowaangua mwenyewe. Wenye kujua hufanya hivyo kwa vifaranga walionunuliwa kwenye duka la pembejeo, na ni njia nzuri mno kwa asiye na taa ya kuwapasha joto. Mlango huo hufungwa upesi: kifaranga mwenye zaidi ya wiki moja huwa hajui kumfuata mama, na mama hamtaki. Kwa tembe na pora wa miezi miwili au mitatu, umama haupo tena. Hata koo aliyewalea wake mwenyewe huanza kuwadonoa na kuwafukuza akitaka kutaga upya. Anayetumaini kwamba mtetea atawaonea huruma watoto wa wengine anasubiri kisichokuja.

Kwa hiyo ni heri tembe wakae upande wao mpaka wamkaribie mwenyeji kwa umbo, kwenye wiki ya 12 hadi ya 16. Kienyeji walioboreshwa wa KALRO, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kilimo na mifugo, hutaga wakiwa na miezi mitano hivi, kwa hiyo hapo bado hawajaanza kugombea kiota. Wakiwa wadogo kuliko hivyo, Mombasa ina adui mwingine angani. Kunguru wa Kihindi, yule wa shingo ya kijivu, aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka, na Mombasa alishaonekana kufikia 1947. Leo hakuna paa la mabati Likoni asilotua. Kifaranga aliyesukumwa na mtetea hadi katikati ya ua ulio wazi ni wa kunguru.

Ua wenyewe unaweza kusaidia au kuua. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vya kupangisha huwa na ua mwembamba, ukuta pande zote, na kila pembe ni mtego: tembe akikimbilia huko, amekwama. Egemeza mbao, kreti kuukuu au kipande cha makuti ukutani, pawe na nafasi ya kuingilia upande huu na kutokea ule. Mtetea asipomwona tembe huacha kumkimbiza.

Chakula ndicho chanzo cha vita vingi. Viwekwe vyombo viwili au vitatu, mbali kiasi kwamba mtetea hawezi kuvilinda vyote. Tena kisiwe chakula cha watagaji. Kina kalisi ya asilimia 4 hivi kwa ajili ya maganda ya mayai, ilhali tembe anahitaji asilimia 1 tu, na ziada hiyo huharibu figo zake. Wote wapewe chakula cha wanaokua, na mtetea awekewe kando maganda ya mayai yaliyokaangwa na kupondwa, ale anavyotaka.

Midomo itagongana tu, hata maandalizi yakiwa mazuri. Kudonoa kichwani mara moja na mdogo akapisha ni mazungumzo ya kuku, yaachwe. Damu ni jambo jingine kabisa. Rangi nyekundu huwavuta wote, hata wasiokuwa na ugomvi, nao hawakomi. Aliyejeruhiwa atolewe papo hapo, aoshwe, akae nyuma ya wavu anakoonana na wenzake mpaka kidonda kikauke.

Imebaki tabia ya kununua kuku mmoja leo na mmoja mwezi ujao, kadiri shilingi inavyopatikana. Inaeleweka, maana maisha ya Likoni ni ya kubangaiza. Lakini mwaka 1944 Guhl na Allee, watafiti wa Marekani, walilinganisha makundi ya kuku yaliyotulia na yale yaliyobadilishwa wanachama kila mara. Waliobadilishwa walidonoana zaidi, wakala kidogo, wakataga kidogo. Mwenye uwezo wa tembe watatu asubiri awanunue siku moja, kutoka kwa mfugaji mmoja ikiwezekana. Wataingia wakijuana, na mtetea atalazimika kugawa hasira yake kwa vichwa vitatu.