Moyo wa Mtoto Haungoji Mwisho wa Mwezi



Yapo maneno yanayosemwa kambini Dzaleka na mitaani Lilongwe, kwamba mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo ameandikiwa kufa, na kumpasua ni kumwongezea mateso. Maneno hayo si kweli. Tena yanawapa wakubwa nafasi ya kukaa kimya.

Tutazame kasoro moja. Moyo nao hulishwa kwa mishipa yake, inayotoka katika mshipa mkuu wa damu safi. Kwa mtoto kama 1 katika 300,000, mshipa wa kushoto hutoka katika mshipa uendao mapafuni, wenye damu iliyopungukiwa hewa safi. Akifika miezi miwili hivi, moyo unaona njaa. Mtoto hutoka jasho na kulia anaponyonya, hupumua mbiombio, uzito hauongezeki. Mara nyingi hudhaniwa ni kichomi.

Madaktari wa Boston waliueleza ugonjwa huu mwaka 1933. Bila upasuaji, watoto kama 9 katika 10 hufa kabla ya kutimiza mwaka. Mshipa ukihamishiwa mahali pake mapema, katika hospitali zenye uzoefu zaidi ya 9 katika 10 huishi, na moyo hurudisha nguvu polepole. Lakini lazima waendelee kupimwa miaka yote, maana valvu huweza kuvuja na mshipa uliohamishwa huweza kuziba.

Basi kisu si tatizo tena. Tatizo ni kukifikia. Hesabu nzuri za hospitali huwahesabu waliofika mezani. Aliyefia njiani haandikwi.

Dzaleka, gereza la zamani lililofanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, iko kilometa 45 hivi kutoka Lilongwe. Kufika Hospitali Kuu ya Kamuzu, mkimbizi hutafuta barua, ruhusa na nauli. Kwa upasuaji mkubwa wa moyo, Malawi imekuwa ikipeleka wagonjwa nchi za nje, kama India. Dar es Salaam nako, tangu 2015, ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inayopasua watoto. Lakini mtoto asiye na hati ya kusafiri atavukaje mpaka?

Na mwenzetu wa shamba la tumbaku je? Nimemsikia nyapara mmoja akimwambia mama, "Kliniki nenda Jumapili." Jumapili kliniki imefungwa! Akienda Jumatatu, ujira wa siku umekatwa.

Wapo watakaosema ugonjwa huu ni wa nadra, chama kishughulikie mishahara. Kweli, huu ni wa nadra. Lakini kasoro za moyo zote pamoja humpata karibu mtoto 1 katika kila 100, na njia ya hospitali ni ile ile moja. Na siku iliyokatwa ni mshahara pia.

Kwa hiyo tudai haya. Mzazi wa mtoto mgonjwa apewe ruhusa yenye malipo. Mtoto asiyeongezeka uzito apelekwe kupigwa picha ya moyo, asirudishwe nyumbani na dawa ya kikohozi. Zamu ya kupelekwa nje ipangwe kwa ugonjwa, si kwa kitambulisho. Na aliyepasuliwa afuatiliwe akirudi.

Ndugu, yapelekeni madai haya kwenye mikutano ya matawi. Mmalawi na Mkongo, mtoto wa mfanyakazi ni mmoja. Umoja ni nguvu.