Mashitaki si maombi ya sadaka

Kuna jambo moja tulilolinyamazia mno. Mtu mwenye ulemavu akidharauliwa katika biro ya serikali, naye akaenda kushitaki, hupewa nini? Hupewa kiti, hupewa maneno matamu, pengine hupewa na franka kidogo za safari. Jibu hapewi.

Nitawaeleza niliyoyaona. Mtu mmoja, ambaye polio ilimkausha miguu tangu utoto, alikwenda katika biro moja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Biro yenyewe iko juu, ghorofani. Akaacha kinga yake ya magurudumu matatu nje, akapanda ngazi kwa mikono. Karani akamwambia: «Rudi kesho, umtume mwenye miguu.» Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Basi tuliandika barua ya mashitaki, tukaipeleka. Mnajua ilipewa nani aichunguze? Karani yule yule! Tangu lini fisi akawa mwamuzi katika kesi ya mbuzi? Naye akatoka akicheka, akamtupia yule mtu noti moja magotini. Watu waliokuwapo wakasema: «Karani ana huruma.»

Huruma gani hiyo? Mtu yule hakuja kutafuta noti, alikuja kutafuta cheti. Sadaka hutolewa kwa kupenda, lakini haki ni deni. Mwenye deni akitoa sadaka mahali pa kulipa, deni linabaki pale pale, naye anajipatia sifa ya bure.

Tena si deni la kukisia. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa namna inayofaa mahitaji yake. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Mapatano hayo yaeleza wazi kwamba kukataa kumtengenezea mtu nafasi, hali inawezekana bila mzigo mkubwa mno, ni ubaguzi. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria yenyewe ya kulinda na kuendeleza haki zao. Basi nani atasema hakujua?

Wengine hujibu: «Biro haina pesa ya kujenga.» Je, kushuka ngazi na kitabu cha kuandikia kunadai pesa gani? Kumsomea kipofu karatasi kabla hajatia kidole kunadai pesa gani? Wengine husema: «Watu hawa hupenda kulalamika.» Mtu aliyepanda ngazi mara tatu kwa mikono yake kabla ya kushitaki, mimi namwita mvumilivu.

Mashitaki yashughulikiwe namna gani, basi? Kwanza yapokelewe, hata kwa mdomo. Na kiziwi apate mtu ajuaye lugha ya ishara. Pili yaandikwe katika kitabu, yapewe namba na tarehe, na mshitaki apewe karatasi yenye muhuri. Tatu yachunguzwe na mtu mwingine, si mwenye kushitakiwa. Nne jibu litoke kwa maandishi, lenye sababu zake. Tano, kosa likionekana, litengenezwe: cheti kitolewe, na biro ile ipate mahali pa chini pa kupokea watu. Kumkaripia karani na kuacha ngazi vile vile ni kazi nusu.

Tusiwalaumu makarani tu. Sisi nasi tuna kosa. Tumezoea kumwambia jirani yetu: «Vumilia, utawachukiza wakubwa.» Kumbe kifungu cha 27 cha Katiba champa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wenzake, nayo yapaswa kumjibu katika miezi mitatu. Tena chakataza mtu yeyote kushitakiwa kwa sababu ya kufanya hivyo. Wakinyamaza, iko Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, ambayo kazi yake mojawapo ni kupokea mashitaki ya namna hii.

Basi wewe ujuaye kuandika, mwandikie jirani yako. Andika siku, saa, mahali, na maneno yaliyosemwa. Fanya nakala mbili, moja ibaki nyumbani kwake. Msindikize, umshuhudie, na miezi mitatu ikipita mrudi pamoja mkaulize. Kumsukumia kinga mpaka mlangoni ni vema, lakini usimwache pale.

Na yule karani? Noti yake ilirudishwa mezani pake siku ile ile. Mwenyewe alisema: «Nitaipokea siku nikija kuomba. Leo nimekuja kudai.»