Chumba kwanza, reli baadaye

Wadau, Kagera haina reli. Treni ilifika Mwanza mwaka 1928, ikaishia ng'ambo ya ziwa. Ndiyo maana napenda wazo la treni ndogo ya bustanini kwenye shule ya Songambele. Njia yake ina upana wa milimita 45, na ukigawa reli yetu ya zamani ya mita moja kwa 22.5, unapata karibu hizohizo.

Ila jamani, tusianze na reli, tuanze na chumba! Karagwe na Kyerwa mvua ni misimu miwili, na injini ya umeme ikilala nje haidumu. Kuibeba kila jioni nako kunavunja vitu. Tobolea ukuta, weka ndani kibao kisicho na mteremko, tandika njia tatu sambamba, treni iingie yenyewe. Behewa la mita 18 linakuwa sentimita 80, kwa hiyo matano tu yanataka mita 4, injini bado.

Tumezoea kuzindua kwanza, kutunza baadaye. Mtoto akikuta treni yake ya kwanza imeshika kutu, tumemfundisha nini? Mnasemaje?