Kariakoo: Kufufua soko ni kurejesha imani ya mwenye kizimba

Usiku wa Julai 10, 2021, moto ulizuka katika Soko Kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Kulipopambazuka, soko lililokuwa limelisha jiji kwa takriban nusu karne lilibaki zege na masizi, na wafanyabiashara waliolala wakiwa na mtaji waliamka wakiwa na madeni. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mhe. Kassim Majaliwa, aliunda tume ya kuchunguza chanzo cha moto huo. Baadaye Serikali ilitenga shilingi bilioni 28.03 kwa ajili ya kukarabati jengo la zamani na kujenga jingine jipya la ghorofa kando yake, na kazi ikaanza mwaka 2022.

Habari za fedha na maendeleo ya ujenzi zimetolewa mara nyingi na wananchi wamezifuatilia. Swali ambalo halijajadiliwa vya kutosha ni hili: ni kitu gani hasa kinachofufuliwa? Historia ya eneo lenyewe inasaidia kulijibu.

Jina Kariakoo limetokana na matamshi ya Kiswahili ya maneno ya Kiingereza "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, utawala wa Kijerumani ulijenga ukumbi mkubwa mahali hapo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, waliugeuza kuwa kambi ya Waafrika waliobebeshwa chakula na zana za vita. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa kampeni hiyo hawakurudi makwao, wengi wao wakiuawa na maradhi na uchovu kuliko risasi. Baada ya vita, ukumbi huo ukawa soko la Waafrika wa jiji. Hivyo basi, eneo lililobeba kumbukumbu ya kazi ya shuruti likawa mahali ambapo Mwafrika alifanya kazi kwa faida yake mwenyewe.

Baada ya Uhuru, Taifa changa liliamua kulipa soko hilo sura mpya. Kazi ya usanifu alipewa Mtanzania, Beda Amuli, aliyesomea fani hiyo nchini Israel na kuwa miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda huu. Amuli alianza kwa kutazama namna Mwafrika anavyouza na kununua: chini ya kivuli cha mti, palipo wazi, upepo ukipita. Kivuli hicho alikijenga kwa zege, katika umbo la miavuli mikubwa iliyosimama juu ya nguzo, ikipitisha hewa na kukinga maji ya mvua yanayoteremshwa hadi kwenye hifadhi iliyo chini ya ardhi. Mwalimu Julius Nyerere alilifungua soko hilo mwaka 1975.

Mpangilio wa ndani nao ulifuata mantiki ya biashara yenyewe. Shimoni, kama wenyeji walivyozoea kuita sehemu iliyo chini ya ardhi, mazao yaliuzwa kwa jumla. Usawa wa barabara ulikuwa wa rejareja, na juu yake yalikuwapo maduka madogo, yakiwamo ya pembejeo za kilimo. Mkulima wa mkoani aliweza kushusha mzigo wake shimoni, kisha akapanda ngazi kununua mbegu za msimu unaofuata. Usimamizi ulikabidhiwa shirika la umma lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, ambalo leo linajulikana kama Shirika la Masoko ya Kariakoo.

Kutoka katika jengo hilo biashara ilimwagikia mitaani. Leo mtu anaposema "Kariakoo" aghalabu anamaanisha mtaa mzima wa maghorofa, maghala na meza za wamachinga, unaohudumia wanunuzi wa Tanzania na wale wanaotoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Malawi, Burundi, Rwanda, Uganda na Komoro. Hata hivyo, kiini cha yote ni kizimba, ile nafasi ndogo ambayo mfanyabiashara mmoja hulipia ushuru na wateja wake huijua bila kuuliza.

Moto wa mwaka 2021 uliunguza bidhaa, lakini pia ulitikisa jambo lisiloonekana kwa macho, yaani uhakika wa nani ana haki ya kukaa wapi. Wafanyabiashara walitawanyika katika masoko mengine ya jiji na baadhi yao wakapoteza wateja waliowajenga kwa miaka mingi. Orodha ya watakaorejeshwa ilipotolewa mwaka 2024, wapo waliolalamika hadharani kuwa majina yao hayamo. Wengine walitakiwa kwanza kulipa malimbikizo ya kodi ya pango waliyokuwa wakidaiwa kabla ya moto.

Pande zote mbili zina hoja. Deni kwa shirika la umma ni deni kwa wananchi wote, na kulifuta kienyeji kungewaumiza waliolipa kwa uaminifu. Kwa upande mwingine, mtu aliyepoteza mtaji wote kwa usiku mmoja hawezi kupimwa sawasawa na aliyekwepa kulipa ilhali duka lake linafanya kazi. Njia ya kulipa kidogo kidogo, kwa makubaliano ya maandishi, inalinda mapato ya umma bila kumfungia mlango mfanyabiashara mdogo.

Lipo pia tatizo kongwe la masoko yetu: mwenye jina kwenye daftari si lazima awe ndiye anayeuza. Kizimba hukodishwa kwa mtu wa pili, wakati mwingine wa tatu, na kila mkono unaopitiwa huongeza bei. Shirika hupata kodi ileile huku mchuuzi akilipa mara kadhaa zaidi. Ugawaji unaofungamana na namba ya utambulisho ya NIDA, malipo kwa namba ya udhibiti na orodha iliyo wazi kwa umma vinaweza kumbana dalali kuliko operesheni yoyote.

Imani hiyo ina thamani hata nje ya kuta za soko. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo uliotokana na malalamiko ya kikodi, na Waziri Mkuu alilazimika kukutana na wafanyabiashara katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yalifungwa tena. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka katika mtaa huo na kupoteza maisha ya watu, jambo lililoisukuma Serikali kuagiza ukaguzi wa majengo ya eneo hilo. Mwaka 2025 ulizinduliwa utaratibu wa kufanya biashara kwa saa 24. Mpango huo ni mzuri, lakini biashara ya usiku kucha inahitaji nyaya salama, njia za kuokolea zisizozibwa na mizigo, na vifaa vya kuzimia moto ambavyo kila mwenye kizimba anajua kuvitumia.

Wananchi wanaofuatilia matangazo ya soko hili wana haki ya kuuliza, pamoja na kiasi cha fedha kilichotumika, mambo matatu: wangapi kati ya waliounguliwa wamerejea, wanalipa kiasi gani kwa nani, na iwapo moto utazuka tena, ni nani atakayeuzima katika dakika za mwanzo. Majibu ya maswali hayo yakibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa soko, mahali ambapo mchuuzi wa nyanya na mnunuzi kutoka Lubumbashi wote wanaweza kuyasoma, miavuli ya Amuli itakuwa imerudi kwenye kazi iliyojengewa.